Koi na winta ya Minnesota: mwaka wa kwanza nilizika saba, sasa nimejua kosa lilikuwa wapi (uzi mrefu)

MkereweBarafuni (mwanzisha uzi), Novemba

Wakuu salaam.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Kwetu samaki wapo wa aina mbili, wa kukaanga na wa kuanika. Kwa hiyo tulipohamia nyumba hii pembeni mwa Minneapolis na kukuta bwawa uani lenye koi tisa, wale samaki wa mapambo wa rangi rangi jamii ya karpi, nilicheka. Wanangu hawakucheka. Wiki haikuisha, kila samaki ana jina: Mandazi (dhahabu mtupu), Bi Harusi (mweupe mwenye mabaka mekundu), Makaa, Shemeji, na wengine. Mama yao akatangaza kwamba hapo hakuna kitoweo.

Aliyetuuzia nyumba alisema, "Hao ni wagumu, we waache tu." Nikawaacha tu. Mwishoni mwa Novemba bwawa likafunga barafu, mwishoni mwa Machi likafunguka, na saba wakaelea. Walibaki Mandazi na Makaa. Wale saba niliwazika kwenye ardhi ambayo bado imeganda, koleo linalia kama nachimba lami, na binti yangu amesimama pembeni ananishikia tochi.

Nilidhani wameuawa na baridi. Huku Januari si ajabu kuamkia nyuzi 25 chini ya sifuri (naongelea sentigredi humu mote), sasa samaki gani atapona? Ila kuna harufu ilinikaa akilini. Siku barafu ilipopasuka, uani kulinuka yai viza, kunuka hasa, mpaka jirani akauliza kama bomba la choo limepasuka. Harufu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma na kuuliza watu. Leo naingia winta ya tatu tangu msiba ule na sijapoteza samaki hata mmoja, ndiyo maana nimeona nilete uzi, najua wenzetu wengi huku ughaibuni mmenunua nyumba zenye vibwawa.

Kwanza, baridi yenyewe. Maji yana tabia ya ajabu: yanakuwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena na kupanda juu, ndiyo maana barafu inaanzia juu. Kule chini yanabaki maji ya nyuzi 4 au pungufu kidogo, na barafu pamoja na theluji iliyolala juu yake zinakuwa kama blanketi. Bwawa langu lina kina cha futi 4 na maji kama galoni 2,300, karibu lita 8,700. Februari iliyopita barafu niliyoipima ilikuwa inchi 16. Fanya hesabu, chini wamebakiwa na futi mbili na ushee za maji ambayo hayagandi. Koi anakaa humo, moyo unapiga taratibu, mapezi yanatikisika kidogo tu, hali chakula wala hahangaiki. Hilo mwili wake unaliweza.

Tena maji ya baridi yanashika oksijeni nyingi kuliko ya moto. Lita moja ya maji karibu na sifuri inabeba kama miligramu 14 za oksijeni, wakati kwenye nyuzi 25 inabeba 8 na kitu. Kwa hiyo samaki wangu waliingia winta na akiba ya kutosha. Nani aliikomba?

Majani. Juu ya bwawa kuna mti wa mepo. Oktoba ile uliangusha majani yote ndani nami nikaona pazuri, nikapiga na picha. Yale majani yakazama, yakaanza kuoza. Kuoza kunakula oksijeni na kunatoa gesi, ikiwemo ile ya yai viza ambayo ni sumu kali kwa samaki. Juu kumefungwa na barafu bila tundu hata la kupitisha kidole, kisha theluji imezuia mwanga, hata mwani hauwezi kutengeneza oksijeni. Miezi minne. Niliwafungia ndani ya chumba chenye jiko la mkaa, ndugu zangu, ndivyo nilivyofanya.

Kwa hiyo sasa natandika wavu juu ya bwawa mwezi Septemba, kabla jani la kwanza halijaanguka, na tope la chini nalinyonya mapema maji yakiwa bado na uvuguvugu. Nimeweka hita ndogo ya kuelea, wati 250. Haipashi bwawa moto, msije mkanunua mkitegemea hivyo. Kazi yake ni kuacha tundu wazi ukubwa wa sinia. Pia nina pampu ya hewa ya wati 40 yenye jiwe la kutoa mapovu. Hilo jiwe usilishushe mpaka chini! Mimi nimelitundika futi moja na nusu kutoka juu. Ukilitupa chini, mapovu yanachanganya maji yote, yale ya nyuzi 4 yanapandishwa kwenye baridi na ya juu yanashushwa, unakuwa umewavua blanketi.

Umeme: hita ikiwaka saa 24 inakula uniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi, kwangu mimi ni dola 27 hivi. Pampu ya hewa haifiki dola 5. Kuna hita za wati 1,500 madukani. Hiyo ikiwaka muda wote ni uniti 1,080 kwa mwezi. Utauza samaki ulipe bili.

Chakula nitaeleza chini kama kuna watakaouliza, vidole vimechoka.

Chausiku_Columbus

Kaka pole na hao saba. Mimi niko Ohio, baridi yetu ni mtoto mbele ya yenu, lakini nina langu la kuongeza kwa sababu lilinigharimu.

Maporomoko. Wengi tuna yale maporomoko madogo ya mawe yanayorudisha maji bwawani. Mwaka juzi niliyaacha yatembee winta nzima kwa vile yanapendeza yakiganda. Kwanza, maji yakipita kwenye hewa ya baridi kila dakika yanapoa kupita kiasi. La pili ndilo lililonitoa machozi: barafu ilijijenga pembeni mwa mawe ikawa kama tuta, maji yakageuka njia yakawa yanamwagika nje kwenye bustani, pampu inaendelea tu kuvuta. Asubuhi bwawa limebaki theluthi. Samaki nimewakuta wamelala ubavu ndani ya maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu.

Nikataka kujaza haraka kwa maji ya bomba, mume wangu akanishika mkono, akanikumbusha klorini. Ikabidi nitafute dawa ya kuiondoa kwanza. Wanne walipona, wawili hapana.

Siku hizi ikifika katikati ya Novemba nazima maporomoko, natoa maji yote kwenye mabomba yasipasuke, na filta naisafisha naiweka gereji.

MkereweBarafuni

Dada Chausiku, hilo la tuta la barafu sikulijua kabisa. Nashukuru. Mie maporomoko yangu yalishakufa yenyewe, kumbe yaliniokoa.

NyundoMoja

Mnatumia dola 27 kwa mwezi kwa tundu? Mimi niko Edmonton, Kanada, nachukua shoka, napiga, tundu hilo. Bure.

MkereweBarafuni

Mkuu, umepoteza wangapi?

NyundoMoja

Watatu. Lakini walikuwa wagonjwa.

Fundi_wa_Matamvua

Hawakuwa wagonjwa mkuu, waliugua ulipopiga. Sauti na mtikisiko vinasafiri kwenye maji kwa nguvu kuliko hewani, na samaki ana kibofu cha hewa ndani ya mwili na mstari wa kuhisi mitikisiko ubavuni. Kupiga barafu kwa shoka juu yake ni kama mtu akupigie debe lililofunikwa kichwani. Akiwa kwenye nyuzi 4 hana nguvu ya kukimbia, anabaki na mshtuko wake.

Kama umeme umekatika, chemsha maji, yaweke kwenye sufuria ya bati yenye mpini, iweke sufuria juu ya barafu isubiri iyeyushe. Ikipoa, chemsha tena. Usimwage maji ya moto humo ndani. Ni kazi ya uvumilivu lakini tundu litapatikana.

Nafanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo mwaka wa 9 sasa, kila Aprili naletewa kesi za shoka.

NyundoMoja

Nimekusikia mkuu. Shoka linarudi kwenye kuni.

KaakaaTamu

Samahani wakuu, samaki mkubwa hivyo mnamlipia umeme? Nazi, ukwaju, pilipili. Tatizo limekwisha.

MkereweBarafuni

Nilijua utakuja tu 😂 Ujue mwanzo wake ulikuwa ndio huo. Wakulima wa milimani Niigata, Japani, walikuwa wakifuga karpi kwa ajili ya kula, kwa kuwa theluji ikishafunga njia nyama ilikuwa adimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 wakaanza kuona wenye rangi, wakawatenga wakawazalisha, ndipo koi wakapatikana. Kwa hiyo mezani wamefika, ila wamesharudi.

Mwana_wa_Nagaoka

Umenigusa mwanzisha uzi. Nilisoma Niigata miaka minne. Theluji kule unaweza kuipita kwa urefu ukiwa umesimama. Wafugaji huwaweka koi kwenye mabwawa ya udongo milimani wakati wa kiangazi, ikifika Oktoba wanawavua wote na kuwashusha kwenye matangi ya ndani ya mabanda ya plastiki. Hawaachi wa thamani nje. Kwa hiyo mtu akikwambia "Wajapani wanaacha samaki chini ya theluji", muulize samaki gani.

Wazee walinihadithia sana tetemeko la 23 Oktoba 2004. Kijiji cha Yamakoshi chote kilihamishwa kwa helikopta, mabwawa yalipasuka, umeme hakuna. Samaki walikufa wengi mno. Ila wafugaji walirudi wakaanza upya.

Chausiku_Columbus

Sasa hapo kwenye kuwaingiza ndani. Kuna anayefanya huku? Nina gereji.

Fundi_wa_Matamvua

Dada inawezekana, na kama bwawa lako halifiki futi 3 ningesema ni lazima. Tangi la plastiki la kunyweshea ng'ombe, lile la galoni 300, linatosha wachache. Ila watu wanakosea vitu viwili.

Wanasubiri mpaka maji yafike nyuzi 4 ndipo wamtoe samaki wampeleke gereji yenye nyuzi 15. Huo ni mshtuko. Mhamishe maji ya bwawani yakiwa bado nyuzi 12 au 13, gereji nayo iwe hapo hapo. Na filta iwe na bakteria wake tayari, wale wanaokula amonia, yaani toa filta ya bwawani uilete nayo, usinunue mpya siku hiyo. Koi watano kwenye galoni 300 wanatoa amonia ya kutosha kuwaunguza matamvua ndani ya siku chache. Pima kila siku wiki za mwanzo, badilisha maji.

Halafu funika wavu. Koi anaruka. Nimeshaokota waliokauka chini ya gari.

Mwanamakete

Wakuu naomba niulize mtu wa nyumbani. Niko Makete, Njombe. Juni na Julai huku tunaamka nyasi nyeupe kwa jalidi. Barafu ya kufunga bwawa hakuna, lakini maji asubuhi ukitia mkono unauma. Nina koi sita nimewatoa Dar, bwawa la futi 2. Wanakula mchana vizuri, asubuhi wamezubaa. Na mmoja alivimba tumbo mwaka huu akafa. Nifanyeje?

MkereweBarafuni

Mwanamakete karibu sana, na hapa ndipo niliposema nitaeleza chakula.

Karpi na jamaa zake hawana tumbo la chakula kama letu. Wana utumbo mrefu tu, na kasi ya kusaga inategemea joto la maji. Maji yakiwa nyuzi 18 kwenda juu, lisha kama kawaida. Kati ya 15 na 10, punguza, toa chakula chepesi chenye kiini cha ngano badala ya kile cha protini nyingi, mara mbili tatu kwa wiki. Chini ya 10 acha kabisa. Mimi kuanzia mwanzoni mwa Novemba mpaka Aprili siwapi hata punje, na hawafi njaa. Wanatumia mafuta yao.

Shida ni kwamba wanaomba. Siku ya jua ya Februari Mandazi anakuja mpaka kwenye tundu anafungua mdomo, mwanangu wa mwisho anataka kulia. Ukimpa, chakula kinakaa ndani bila kusagwa. Huyo wako aliyevimba siwezi kusema kwa uhakika ni hicho, kuvimba kuna sababu nyingi. Nunua kipimajoto cha maji kwanza, pima alfajiri na saa nane mchana, siku tatu mfululizo, utuambie.

Mwanamakete

Nimeazima kipimajoto cha shule. Alfajiri 11, saa nane 17. Na hii ni Novemba, bado si msimu wa jalidi. Juni sijui itakuwaje.

Fundi_wa_Matamvua

Ndugu, tatizo lako ni kina. Futi 2 za maji zinapanda na kushuka nyuzi sita kwa siku moja, samaki anavaa koti na kulivua kila siku. Mkerewe huku kwenye barafu ana maji yanayokaa pale pale miezi mitatu, samaki wake wanatulia kuliko wako. Chimba upande mmoja ufike futi 4 hata 5, wao wenyewe watajua pa kwenda usiku. Na msimu wa jalidi lisha kidogo saa sita au saa saba ili wapate saa za joto kusaga, jioni usiwape kitu.

Mwanamakete

Futi 5 nachimba hata kesho, udongo wetu laini. Mungu awabariki.

Mzee_wa_Matrah

Wanangu mimi nawasoma kutoka Maskati nikitabasamu. Tatizo langu ni kinyume chenu. Agosti maji ya birika uani yanafika nyuzi 34, oksijeni imepungua, koi wako juu wanahema. Nimetandika turubai la kivuli na mashine ya hewa inafanya kazi usiku kucha, maana alfajiri ndipo hewa inapokuwa haba. Kumbe nyinyi na sisi kifo ni kimoja, hewa.

MkereweBarafuni

Shikamoo mzee. Umenena.

Wanjiku_Tacoma

Nimekuja na swali la mtu mwingine. Rafiki yangu anahama, bwawa analifunga, anataka kuwaachia koi wake ziwani "wawe huru".

MkereweBarafuni

Asithubutu. Kwanza ni kosa kisheria huku Minnesota, na majimbo mengi tu. Karpi wanachimbua tope la ziwa wakitafuta chakula, maji yanachafuka, majani ya majini yanakufa. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, kusini mwa hapa, ulionyesha picha za samaki wa dhahabu waliotupwa kwenye ziwa Keller, wamekuwa wakubwa kama mpira. Hao ni wale wa kwenye bakuli!

Na sisi wa Ukerewe usitufundishe habari ya samaki mgeni. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Babu zetu walikuwa na majina ya furu kwa makumi, mimi nimekuta wachache.

Wanjiku_Tacoma

Kweli kabisa. Hata Naivasha, karpi walionekana karibu mwaka 2001 na baada ya miaka michache nyavu zilikuwa zimejaa wao. Nitamwambia awape watu wa klabu ya koi, huwa wanapokea.

MkereweBarafuni, Aprili (mrejesho)

Wakuu mliokuwa mnaomba mrejesho. Barafu imeondoka tarehe 2. Nina sita sasa hivi (wale wawili wa kale na wanne niliowaongeza) na wote sita wapo. Theluji ya Machi ilikata umeme kwa muda wa saa 19, nikafanya ya sufuria, nimeamka usiku mara nne. Mpira wa pampu ya hewa nao uliganda ndani kwa unyevu, nikaupuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu. Bado hajajua.

Ila Makaa ana kidonda ubavuni, kama sarafu ndogo, magamba mawili yametoka. Maji yako nyuzi 9. Fundi, uko hapo?

Fundi_wa_Matamvua

Nipo. Huu ndio mwezi ninaouogopa kuliko Januari. Kati ya nyuzi 5 na 15 bakteria kama Aeromonas wameshaamka, lakini kinga ya samaki bado imelala. Anayekufa Aprili watu wanasema "alipona winta halafu akafa bila sababu". Sababu ni hiyo.

Usimwage dawa bwawa zima. Pima amonia, naitraiti (ile sumu ambayo amonia hugeuka kuwa) na ugumu wa maji leo leo. Bakteria wa filta nao wamelala, na theluji iliyoyeyuka ni maji laini, asidi inaweza kupanda ghafla. Badilisha asilimia 10 ya maji, yaliyoondolewa klorini. Kidonda kikipanuka, mtenge kwenye tangi, pandisha joto polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku, mpaka 18 au 20 ili kinga yake ifanye kazi. Na usimlishe mpaka maji yakae 10 kwa wiki nzima, siyo mchana mmoja wa jua.

Chausiku_Columbus

Kaka tuma picha ya kidonda kesho mwanga ukiwa mzuri tulinganishe.

MkereweBarafuni

Amonia sifuri, naitraiti kidogo sana. Nimetoa galoni 230 na kurudisha. Tangi la gereji ninalo, nalijaza usiku huu likae tayari. Binti yangu ameuliza kama achukue tochi, nimemwambia safari hii achukue kipimajoto.

Mwanamakete

Mimi nimefika futi 4 na nusu, nimekuta maji yanachuruzika yenyewe. Nitaleta picha.